Nilimwandikisha Mtoto Jina Kabla Wifi Hajafika

(Mwenye barua hii ni msomaji wetu wa kusini. Jina lake na la kijiji chake tumeyaacha, kama alivyotaka.)

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka ishirini na mmoja. Nilizaliwa upande wa Iringa, nikaolewa huku Mbeya, na mtoto wangu wa kwanza, msichana, ana wiki tisa. Mume wangu yuko kwenye machimbo ya dhahabu Makongolosi, nyumbani anakuja mara chache. Naishi na mama mkwe. Najua wengi wenu mtanisema. Semeni tu, wanaonijua wameshanisema wakachoka.

Kwa wakwe zangu, mtoto wa kwanza hatoki nje mpaka dada wa baba yake aje ambebe, avuke naye kizingiti na kumwita jina mbele ya watu. Kabla ya hapo mama na mtoto wanakaa ndani. Wifi yangu ameolewa Madibira. Salamu alipelekewa siku ile ile niliyojifungua, lakini mvua zilikuwa zimeharibu barabara na malori hayapiti. Wiki ya kwanza nikasema sawa. Ya pili, sawa. Kufikia ya nne nilikuwa nauchukia ule mlango.

Msidhani kukaa ndani ni kupumzika. Baridi ya huku mnaijua, kwa hiyo moto wa kuni hauzimwi. Vitambaa vya mtoto navianika kwenye kamba juu ya moto, vinakauka vikinuka moshi, namvika mtoto, naye ananuka moshi. Macho yake yakaanza kutoa tongotongo, ikawa kila asubuhi nayafungua kwa maji ya uvuguvugu. Nikamwambia mama mkwe nataka kumpeleka kliniki ya misheni. Akasema macho ya watoto wote huwa hivyo, nimsubiri wifi. Nikamuuliza, je, wifi akija mwezi wa saba? Akasema basi tutasubiri mpaka mwezi wa saba.

Siku ya kupima watoto, yeye akiwa amekwenda kupalilia pareto, nilimbeba mwanangu mgongoni, nikamfunika vizuri, nikatoka. Sikupita nyuma ya nyumba kama mwizi, nilipita barabarani. Na ukweli ni kwamba nilifurahi. Matope yalinifika kwenye vifundo vya miguu, mtoto amelala, nami nacheka peke yangu kama nimerukwa na akili.

Kliniki nikamkuta nesi mgeni. Aliponisikia nikiongea tu akajua nimetoka wapi, akaniambia, "Kamwene, dada." Tangu niolewe sikuwa nimesalimiwa kwa lugha ya kwetu. Machozi yakanitoka pale pale. Akampima mtoto, akampa dawa ya macho, akachukua kadi na kuuliza jina. Jibu nililijua: niseme bado hajapewa, aandike tu mtoto wa fulani, kama wanavyofanya wanawake wote wa huku. Mimi nikataja jina la marehemu mama yangu. Akaliandika kwa wino.

Tangu siku hiyo sijakaa ndani. Kisimani naenda naye, sokoni naenda naye, Jumapili tunakaa benchi la nyuma kanisani na akilia natoka kumnyonyesha, kisha narudi. Macho yamepona. Kisimani wananisema kwamba nina uso mkavu, na wengine wao hao hao wananiuliza pembeni kama kweli ile dawa inasaidia. Mama mkwe haongei na mimi, anaongea na mtoto. Anamwambia, "Mgeni, mwambie mama yako ugali uko tayari." Jina lake hajalitamka hata siku moja.

Mume wangu alipopata habari aliandika kwamba kadi ichomwe na nirudi ndani, la sivyo nifunge mizigo yangu niende kwetu. Nikamjibu kwamba aje kwanza yeye akae kwenye moshi wiki tano, halafu tuzungumze. Mpaka hapo sikuwa na wasiwasi wowote.

Juma lililopita wifi akafika. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, maneno nimeyapanga. Sehemu kubwa ya njia alikuwa ametembea, miguu imevimba, kichwani kapu la mchele na kanga mpya ya kumbebea mtoto. Akatukuta uani tunaota jua. Akasimama.

"Ameshatoka," akasema.

Nikamwambia ndiyo, alikuwa anaumwa macho. Akasema nilifanya vizuri kumpeleka. Akaweka kapu chini, akakaa.

"Ila mimi sijazaa, wifi," akasema. "Na ndugu yangu ni huyu mmoja tu. Mwingine nitamtoa wa nani?"

Yale maneno niliyoyapanga nikayaacha, nikaenda kumtilia maji ya moto ya kukanda miguu.

Mama mkwe ameshaamua. Mume akija mwisho wa mwezi ujao, mtoto arudishwe ndani, wifi amtoe upya kwa jina la ukoo wao, na kadi itiwe motoni. Wifi hajasema ndiyo wala hapana. Anashinda na mtoto mapajani bila kumwita jina lolote.

Sasa nisikilizeni vizuri. Siulizi kama nilikosea kutoka. Ningetoka hata leo, na kesho nitatoka. Kadi haichomwi, na jina halibadiliki. Mama mkwe namuweza, na mume nitamuweza. Nataka wifi ambebe mwanangu, avuke naye kizingiti mbele ya watu wote kama ilivyo haki yake, lakini amwite jina la mama yangu. Nikimwomba hivyo nitakuwa nimemheshimu, au nitakuwa nimemnyang'anya mara ya pili? Ninyi mlio mawifi, hasa ninyi, nishaurini nimwambieje.

Andikeni upesi. Jana ameniuliza mama yangu alikuwa mtu wa namna gani, nami nikalia tu.