Kabla ya Kununua Nyumba, Omba Maji

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vyeupe. Mama yangu alikuwa amevinunua kwa furaha ya kuona binti yake amekuwa wakili, ingawa wakati huo nilikuwa stagiaire tu, yaani mwanasheria mchanga anayejifunza chini ya wakili mkubwa kabla ya kuruhusiwa kusimama peke yake. Nilidhani nitapewa meza na vitabu vinene. Badala yake wakili wangu mkubwa, ambaye sote pale ofisini tulimwita Patron, alichukua kofia yake, akaniangalia miguu, akacheka.

"Mademoiselle, bile biatu utabirudisha byekundu," akaniambia. "Twende Kamalondo. Kuko muntu anauzisha nyumba."

Kamalondo, mtaa mmoja wa Lubumbashi, tulimkuta baba mmoja amekaa barazani, karatasi za nyumba yake amezipanga vizuri magotini. Alimnyooshea Patron. Patron hakuzipokea. Alikaa, akapangusa jasho, akasema, "Baba, niko na kiu. Nipe maji kidogo."

Yule baba aliingia ndani na kutoka upesi na kikombe cha bati. Patron akanywa yote, akashukuru, ndipo akaanza kusoma. Mimi nilimwonea aibu. Mtu mkubwa namna ile, wakili wa mjini, anaanza kazi kwa kuombaomba maji! Njiani nikamuuliza.

"Karatasi inaweza kusema bongo," alisema, na bongo kwetu ni uongo. "Muntu naye anaweza kusema bongo. Lakini muntu mwenye hajue fasi gani kikombe inaikalaka, ile nyumba uiangalie mara mbili. Na maji yake unywe yote, Mademoiselle. Usimupatishe muntu haya mu lupango yake."

Fasi ni mahali, na lupango ndilo jina letu la kiwanja chenye nyumba na ua wake. Viatu vilirudi vyekundu kwa vumbi kama alivyosema, na mama alinigombeza. Lakini somo lile nilikuwa nimelipata kabla sijafungua kitabu hata kimoja. Msinielewe vibaya: maji si sheria. Mpangaji naye anajua vikombe viko wapi, na mwenye nyumba anaweza kuwa mvivu wa jikoni. Ila ukishapewa maji unakuwa mgeni, na mgeni huzungumza na watu wa nyumbani. Wakili anayesomea karatasi mjini hazungumzi na mtu.

Nilipomaliza kujifunza, Patron alinituma Sakania, kule mpakani, reli inapoelekea Zambia. Huko wafanyabiashara wadogo walikuwa wakiuziana vijumba, na ugomvi wao mwingi ulikuwa wa mipaka. Mpima ardhi wa serikali huzika kwenye kila pembe ya kiwanja nguzo fupi ya zege tunayoiita borne. Bila borne hujui unanunua nini. Basi nilimkuta mzee mmoja ameing'oa ya jirani yake, ameiweka jikoni, na juu yake amekalisha mbabula, lile jiko letu la makaa.

"Baba," nikamwambia, "hii jiwe iko ya Leta." Leta kwetu ni serikali.

"Njo juu ya ile iko nguvu," akanijibu, yaani ndiyo maana ni imara, akaendelea kugeuza samaki wake.

Nilicheka hadi nikasahau hasira. Tangu siku hiyo sikumruhusu mteja wangu kusaini kabla hajasimama kwenye pembe zote za kiwanja, na kabla majirani wa kila upande hawajaja kusema, ndiyo, ni hapa. Mkuu wangu wa Sakania, wakili mzee mwenye kikohozi, alilalamika kwamba nanunulisha watu nyumba kama naozesha mabinti. Nikamwambia asante, maana ndivyo hasa nilivyotaka.

Niliporudi Lubumbashi nilifungua ofisi yangu mwenyewe, na miaka ikapita katika nyumba za watu. Nikitafuta kazi moja ya kuwasimulia ninyi vijana, ni ile ya Ruashi.

Mume na mke walikuja ofisini kwangu siku ya Jumatatu. Mume aliitwa Muhindo, mfanyabiashara wa maharage kwa jumla, na mkewe Kavira. Walitoka Kivu ya Kaskazini. Walikuwa wakiishi na watoto wao katika vyumba viwili nyuma ya depo ya magunia, na sasa walikuwa wamepata nyumba Ruashi, karibu na mgodi.

"Maître, karatasi zote ziko bien," alisema Muhindo, akiniita kama mawakili wote tunavyoitwa. "Tunasaini Samedi, hii Jumamosi. Uangalie tu, bibi yangu atulie roho."

"Mie nilikataa," alisema Kavira kwa upole. "Ule avocat, wakili mwenye alitengeneza karatasi, ni wa mwenye kuuzisha. Alisema atatufanyia sisi bote, itakuwa bei rahisi. Nikamuuliza bwana yangu: siku tukigombana, atasimama upande gani?"

Nilimpenda mama yule palepale. Watu wetu huchagua wakili kwa sababu anasali nao, au ni wa kabila lao, au komisionere, yaani dalali wa nyumba, amewaambia huyu ni mtu wake. Kuna wanaomchagua kwa tai ya shingoni. Swali la Kavira wachache huliuliza, na wengi huliuliza wakiwa wamechelewa.

"Na komisionere anasema kuko muntu mwingine anataka kuichukua," akaongeza Muhindo kwa haraka.

Mnunuzi huyo mwingine nimemsikia miaka yote ya kazi yangu. Sijawahi kumwona.

Nikasoma karatasi. Kweli zilikuwa safi. Mwenye nyumba alikuwa amefariki, na baraza la ukoo lilikuwa limemchagua mdogo wake, Baba Chola, kuwa likidateri, yaani msimamizi wa mali ya marehemu. Wajomba na baba wadogo walikuwa wamesaini. Nikauliza kama marehemu aliacha mke.

"Alirudi kwao kijijini," alisema Muhindo. "Baba Chola njo alituambia. Mu nyumba kuko locataire tu, mupangaji."

Nikawaambia twende tukaombe maji. Waliangaliana kama watu waliokosea ofisi.

Tulifika Ruashi Jumatano. Mnaijua mitaa ile: nyumba mpya kila upande, moja ina bati, nyingine bado inangoja, na matofali ya kuchoma yamepangwa njiani. Baba Chola alitupokea kwenye geti kwa heshima, shati limepigwa pasi. Alitupitisha uani akatuonyesha dirisha na paa. Muhindo alikuwa akimfuata akigonga kuta kwa vidole, uso wake umefunguka. Alichungulia dirisha moja akamwita mkewe kwa mkono, akaonyesha ndani na kuinua vidole vinne, hesabu ya watoto wao.

"Baba Chola," nikasema, "jua imeniweza. Nipe maji kidogo ya kunywa."

"Bila shaka, Mama Maître." Akaenda kwenye bomba la uani. Akalifungua, likakohoa hewa. Akalizungusha tena kwa nguvu. Halafu akasimama akiangalia mlango wa jikoni kama mgeni anayeogopa mbwa.

Aliyetoka jikoni ni mama wa makamo, kitenge kiunoni, mkononi jagi na glasi juu ya sahani. Alipiga goti kidogo, kama mama zetu walivyotufundisha kumpa mgeni maji. Nikanywa. Yalikuwa baridi.

"Aksanti, mama. Maji muzuri hivi munachota wapi?"

"Ku forage, kisima ya kanisa, kule chini. Hii robinet ilikufaka kitambo." Akatabasamu. "Nimezoea. Hata maji ya kufyatulia haya matofali, mimi njo nilibeba na kichwa, na mimba ya Mwape mu tumbo. Marehemu alikuwa anafyatula, miye nabeba." Akatuangalia mmoja mmoja. "Muko bageni ba nani?"

Mimi sikuweza kunywa maji ya mtu halafu nimfiche.

"Mama," nikasema, "hawa wameambiwa hii nyumba inauzishwa."

Aliweka jagi chini taratibu. Hakupiga kelele. Alimgeukia Baba Chola, akamwita kwa jina la shemeji kwetu.

"Mulamu?"

Neno moja tu, lakini mimi liliniuma kama nimeambiwa mimi.

"Famille balinichagula!" alisema Baba Chola. "Ku kilio, mbele ya bantu bote! Nani alimulaza kaka ku hôpital? Nani alitafuta sanduku? Ni miye. Basi balisema, Chola, vitu bya ndugu yako biko mu mikono yako. Na miye niko na batoto."

Ningependa kuwaambia kwamba alikuwa mwizi, hadithi ingekuwa nyepesi. Kuhusu kijiji alidanganya, na alijua anadanganya. Lakini juu ya nyumba aliamini. Hili ni kosa letu sisi wenyewe. Kilio kikiisha, wanaume wa ukoo hukaa, humchagua mmoja wao, naye hurudi nyumbani akidhani amepewa, kumbe amewekwa alinde. Mlinzi wa shamba si mwenye mahindi. Sheria yetu inawaweka watoto wa marehemu mbele, na mjane ana haki ya kubaki katika nyumba aliyoishi na mumewe. Majina ya Mwape na wadogo zake hayakuwa popote kwenye karatasi zile. Nikakaa kwenye tofali, nikamweleza Baba Chola polepole, kama ninavyomweleza kaka yangu. Aliinamisha kichwa. Mama Mwape alikuwa bado amesimama, mkono mmoja umeshika ukuta.

Nje, barabarani, Muhindo alinivuta pembeni.

"Maître, hakuna namna? Ukoo bote balisaini."

"Namna iko," nikamwambia. "Samedi utapata mtu wa kusaini. Ufunguo utaupata pia. Halafu utaishi na kesi ndani ya nyumba, na watoto wa yule mama watapita kila siku mbele ya geti lako."

"Nilikuwa nimeisha kuchagua chumba ya batoto," alisema, na macho yake yalijaa maji, mwanaume mzima wa magunia.

Kavira alikuwa akiangalia geti. "Baba," alimwambia mumewe, "kule kwetu tulitoka mu nyumba yetu na bitu bya ku kichwa tu. Unakumbuka ile asubui ya vita? Sitaki mama mwingine atoke vile juu yangu."

Muhindo alipangusa uso. "Basi," alisema. Akarudi ndani mwenyewe kumwambia Baba Chola, hakuniachia mimi kazi hiyo.

Jumamosi hawakusaini. Walirudi kwenye vyumba vyao viwili, na mimi nilikuwa na furaha na huzuni pamoja, maana nilijua wale watoto walivyolala. Mama Mwape alikuja kuniomba nimsimamie. Nilikataa, nikampeleka kwa mwenzangu kijana niliyemwamini. Wateja wangu walikuwa wengine, na swali la Kavira lilikuwa bado masikioni: utasimama upande gani? Ukoo ulikaa upya, safari hii mjane na watoto wakiwa ndani, na Baba Chola akakubali kuwa alichokuwa kweli, mlinzi.

Mahindi yalipovunwa, nikawaona wote mlangoni pangu: Mama Mwape, wanawe, wakili wao, na Baba Chola nyuma akiwa amebeba mwavuli wa shemeji yake. Lupango lao lilikuwa refu, upande wa nyuma ulikuwa shamba la mahindi tu, na Mwape alikuwa bado chuoni, akihitaji karo. Walikuwa wameamua kuuza kipande kile cha nyuma.

"Komisionere iko na bantu," alisema Baba Chola.

"Hapana," alisema Mama Mwape. "Nataka ule mwenye alikataa nyumba yangu. Ule njo nataka akuwe jirani."

Kazi ile niliifanya nikiimba. Mpima ardhi alikuja, borne zikazikwa, majirani wakasimama kila upande, watoto wa marehemu wakasaini kwa majina yao, na konservateri, yule mtunza hati wa serikali, akamwandikia Muhindo hati yake. Baba Chola alinikumbusha kwa sauti nisisahau kuwauliza majirani.

Sasa nimestaafu. Magoti hayataki tena vilima vya Ruashi, na ofisi nimemwachia yule mwenzangu kijana. Watu bado wananisimamisha sokoni: Mama Maître, tunataka kununua nyumba, tuchukue wakili gani? Nawaambia wamwangalie viatu. Awe wa mji huuhuu, mtu anayekubali kuja mpaka uani, awe wako peke yako, na awe na moyo wa kukuambia hapana wakati kalamu iko mkononi mwako. Tai muiache.

Jumapili moja walinialika. Nyumba ya Kavira ilikuwa imepata bati, na chumba cha watoto kina madirisha mawili. Kati ya ua wake na wa Mama Mwape hawakujenga ukuta, ingawa borne zipo, nilizikagua. Nikakaa, na mazoea hayana dawa: nikaomba maji.

Kavira aliingia jikoni akiendelea kuzungumza nami, hakukatisha hata neno. Akatoka na glasi, akapiga goti kama mwanamke wa Katanga.

"Kunywa, Mama Maître," alisema. "Robinet bado. Hata maji ya kufyatulia haya matofali tulibeba na kichwa, mie na Mama Mwape."

Nikayanywa yote.