Mwimbaji wa Spika ya Nyuma

Cheka ukitaka, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Kasese, nikiwa na akili zangu timamu na sijaonja hata tone la pombe.

Kazi yangu ni kuandika programu. Hii ninayokuambia hubana sauti ya kuzunguka, ile ya spika sita zinazomzingira msikilizaji, iwe faili ndogo. Naitoa bure, msimbo wake uko wazi, anayetaka aurekebishe. Ili kuijaribu nilikwenda Bwera nikarekodi kwaya ya kanisa kwa maikrofoni sita. Ile ya nyuma niliisimika kwenye mstari wa besi, mahali palipokuwa na pengo.

Sasa, programu ya namna hii hubana kwa kutupa. Sauti ambazo sikio halizinasi kwa sababu nyingine zimezifunika, inazitoa. Mimi huyaweka mabaki hayo kwa muda, nikague kama imetupa kisichofaa kutupwa, kisha nafuta.

Jioni moja mvua ilikuwa inamwagika, mtu nisiyemjua akaingia ofisini kwangu kujikinga, akaketi kwenye kiti nyuma yangu. Nilimwona vizuri, niamini: mwanamume wa makamo, koti la kahawia, mkavu kabisa. Mkavu, na mvua ile! Mbona sikushtuka? Sijui. Nilikuwa nimezama kazini, nikamwekea ile rekodi ya kwaya asikilize.

"Mimi siko mu ile wimbo," akasema taratibu. "Na naimbaka pale nyuma. Zile sauti unatupa, zinaenda wapi?"

Nikacheka. Nikamwambia bado ziko, ndiyo kwanza nataka kuzifuta, diski imejaa.

"Usifute, ndugu. Mutoto wangu hajasikia sauti yangu hata siku moja."

Nikafungua mabaki. Kwa kawaida huwa mchakacho tu, kama mtu anapepeta mchele. Safari hii, katika spika ya nyuma, mwanamume alikuwa anaimba besi, wimbo mzima, kila neno linasikika. Nikageuka kumpongeza. Kiti kitupu, na sakafuni hakuna hata alama ya tope. Hapo ndipo nywele ziliponisimama.

Jumapili nilirudi Bwera na yale mabaki na spika zangu. Mwalimu wa kwaya alisikiliza kidogo tu, akavua kofia.

"Huyu ni Kambale. Tulimuzika mbele ya wewe kuja kurekodi. Nafasi yake hatujaziba, ni kawaida yetu, mpaka mwaka ipite. Bibi yake alibakia na mimba."

Mjane akaitwa, akaja na mtoto mchanga mgongoni, mtoto analia kwa nguvu. Besi ilipoanza mtoto akanyamaza, akageuza shingo kwenye ile spika, akacheka. Mama yake akakaa chini akalia. Nami nililia, sioni haya kusema.

Tangu siku hiyo programu yangu haifuti mabaki mpaka uyasikilize. Watu wananilaumu kwamba inawachelewesha na kuwajazia diski. Wanilaumu tu. Wewe unayefanya kazi hii, usifute kitu hujakisikiliza chote. Mimi kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe, na yule mtoto angekua hajui baba yake aliimbaje.