Amplifaya ya Pikipiki na Mtani Wangu Abilahi

Nakumbuka asubuhi moja Newala, mwanangu, nikiwa kijana mwenye miguu myepesi na kichwa kigumu, nilipiga kiki pikipiki mpaka mguu ukafa ganzi. Ilikohoa, ikanyamaza. Wala haikuwa mara ya kwanza.

Pikipiki ilikuwa ya mjomba wangu, na kwetu Wamakonde unajua mjomba ni nani: ndiye mkuu wa ukoo, neno lake kuliko la baba. Kila siku asubuhi niliendesha bodaboda mimi, mchana nikamwachia Abilahi, rafiki yangu, Mmakua wa Nanganga aliyepanga chumba jirani nasi. Jioni aliirudisha, tukala ugali wa muhogo sahani moja. Wamakua ni watani wetu, basi kuitana wezi na wachawi ndiyo ilikuwa salamu yetu.

Sasa mimi nikanunua amplifaya na spika, nikazifunga mwenyewe. Fundi wa nini, na mikono ninayo? Nilivuta waya moja kwa moja kutoka kwenye betri, nikazungushia selotepu, kazi ikaisha. Muziki ule, mwanangu! Nikiteremka kwenda Masasi, watu waliacha kuokota korosho wanitazame, au mimi ndivyo nilivyojidanganya. Haukupita muda, taa ikafifia, spika zikawa zinanung'unika kila nikivuta mafuta, na asubuhi nakuta betri imekufa.

Nilisafisha plagi. Nikalaumu mafuta, nikamlaumu muuza betri. Mwisho nikamgeukia Abilahi, maana mtu akitaka kukosea hakosi methali ya kumsindikiza: kikulacho ki nguoni mwako. Nikamwambia kijiweni, mbele ya madereva wenzetu, kwamba yeye ni mwizi, ametoa betri nzima na kuweka mbovu. Alicheka. Mtani akiitwa mwizi hucheka. Nikarudia, na mimi sikucheka. Alinitazama usoni, kisha akaondoka. Jioni nilikuta chumba chake kitupu, amerudi kwao.

Nikampelekea mjomba mashtaka. Alikuwa uani akichambua korosho, na maishani mwake hakuwahi kushika hata bisibisi. Alinisikiliza bila kuacha kazi yake.

"Kabla hujafunga hayo madude, ilikuwa inawaka?"

Nikasema ilikuwa inawaka.

"Basi yafungue kwanza. Mwizi tutamtafuta baadaye."

Niliyafungua huku nimenuna. Nikaipeleka betri ikachajiwe, nikailaza pikipiki bila muziki wake. Asubuhi, kiki moja tu, ikawaka. Kumbe amplifaya yangu, kwa kuwa sikuipitisha kwenye swichi ya ufunguo, ilikuwa inanyonya betri usiku kucha nami nakoroma. Niliona aibu sana. Kikulacho ki nguoni kweli, ila nguo ile nilijivika mwenyewe.

Siku hiyohiyo nikateremka Nanganga. Nilimkuta Abilahi akipalilia mihogo na mama yake. Nikampa mama shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Nikaeleza yote, nikaomba radhi. Abilahi aliacha kupalilia.

"Mmakonde," akasema, "uliniita mwizi bila kucheka. Niite tena, ila safari hii ucheke."

Nilijaribu. Nikasema, "Wewe mwizi," na badala ya kicheko yakanitoka machozi. Hapo akacheka yeye, na mama yake akaegemea jembe akacheka pia. Nilimpenda Abilahi siku ile kuliko ndugu wa tumbo moja.

Amplifaya tuliirudisha kwenye pikipiki pamoja, mwanangu, safari hii na fundi. Waya ukapita kwenye swichi, fyuzi ikawekwa, na pale nilipokuwa nimeufunga waya mweusi kwenye fremu juu ya rangi, tukakwangua rangi mpaka chuma ili umeme upite vizuri, spika zikaacha kunung'unika.

Basi shika neno langu. Kitu kikikuharibikia, iwe pikipiki, iwe ndoa, anza na kile ulichokiongeza wewe mwisho. Kifungue, ukilaze kando, usubiri asubuhi. Jina la mwenzako lisitoke kinywani kabla hujamaliza kukagua kazi ya mkono wako, maana wengi ukiwaita wezi hawatakupa nafasi ya kurudia.

Mungu akulinde kwenye miteremko yote, akujalie mjomba wa kukuuliza swali moja tu, na rafiki atakayekucheka ukilia. Amina.