Mwizi wa Ukurasa wa Mwisho

Mimi ni fundi wa kufuli, na sisemi kwa kujisifu, nasema kwa sababu ni kweli: hakuna mlango mtaa huu ulionishinda. Shule niliiacha mapema, tukaachana kwa wema, yeye na njia yake, mimi na yangu. Kwa hiyo baba mkwe wangu alipohamia kwangu na kasha zima la vitabu, nilijua hapa pana jambo.

Watu wanamwita Mzee Gia. Maisha yake yote amelala chini ya malori akitengeneza injini. Akastaafu, mkewe akafariki, akabaki peke yake kwenye nyumba yake ya kilimani, ngazi zimesimama wima kama ukuta. Siku moja akateleza. Alilala pale chini tangu asubuhi mpaka muuza maziwa alipopita jioni. Mke wangu aliposikia hakuniuliza kitu. Alikwenda akamleta, akampa chumba nilichokuwa nakatia funguo. Mashine yangu ikatupwa barazani, na mimi nyuma yake.

Kasha alipewa na jirani yake, mwalimu mkuu wa zamani aliyekuwa anahama. Riwaya kubwa za zamani, za dunia nzima, na orodha ndefu imebandikwa kwenye kifuniko. Mwalimu akamwambia, "Hizi hakuna aliyewahi kuzimaliza zote. Hata mimi." Hapo alikosea. Mzee Gia ukimwambia kitu hakiwezekani, umemchokoza.

Siku ya kwanza mezani akatangaza: "Msinizoee. Nakaa hapa mpaka niimalize hii orodha. Nikifunga kitabu cha mwisho, narudi kwangu."

Mke wangu akainamia sahani. Mimi nikapima unene wa vile vitabu kwa jicho, nikaanza kumwombea Mzee macho mazuri.

Alisoma kama anavyofungua injini: anafuta mikono kwa tambara, anavaa miwani, ndipo anaingia. Na ananisimulia bila kuombwa.

"Mkwe, huyu bwana anaoa leo."

"Hongera yake."

"Hongera gani? Huyo mke ana siri."

Vitabu vile kila mtu ana siri. Shangazi ana siri, mtumishi ana siri, nadhani hata mbwa anajua kitu. Ukisoma hivyo muda mrefu unaharibika. Mzee akaanza kututazama na sisi vilevile. Nikichelewa kurudi, namkuta mlangoni: "Ulisema kufuli ya nani vile?"

Vikabaki vitabu vitatu. Asubuhi moja akatoka chumbani kakumbatia kimoja.

"Ukurasa wa mwisho haupo."

"Labda kilichapwa hivyo, Mzee wangu."

"Umekatwa. Na hiki sikihesabu! Kitabu bila ukurasa wa mwisho ni kama injini umeshaifunga, halafu unajikuta na nati mkononi."

Wiki ileile cha pili nacho kikakatwa.

Basi nyumba ikachacha. Tupo watatu tu humu ndani, na kila mmoja anamtazama mwenzake kwa pembe ya jicho. Mzee akanielemea mimi.

"Mwenye kazi ya kufungua milango ya watu hapa ni nani?"

"Mzee, mashine yangu inapigwa mvua barazani. Mimi ndiye wa kwanza kutaka umalize."

Mke wangu akanikata jicho, nikajua nimesema vibaya. Lakini moyoni nilikuwa nimeshamshika yeye. Nani anayelia kila zikitajwa zile ngazi za kilimani? Nikamfuata jikoni.

"Mama, rudisha kurasa za watu."

"Mimi? Sitaki Baba aende, ndiyo. Lakini kumkatia kitabu? Anayechana magazeti kuwashia jiko humu si wewe?"

Alikuwa anakata mkate huku anafoka. Nikautazama ule mkate: kipande kinene huku, chembamba kule, kama ameuadhibu. Nikaenda kukichukua kitabu. Palipokatwa pamenyooka toka juu mpaka chini kama uzi.

Mke wangu hawezi. Mimi huwa nachana tu. Nani humu anakata karatasi ikanyooka? Aliyekata gasketi maisha yake yote, zile karatasi ngumu zinazokaa kati ya vyuma vya injini mafuta yasivuje.

Mzee alikuwa kwa kinyozi. Kufuli ya sanduku lake la vifaa nilimpa mimi mwenyewe, haikunipotezea muda. Kurasa zilikuwa chini kabisa, zimelazwa katikati ya karatasi mbili za gasketi, hazina hata kunyanzi.

Nikakaa kitandani kwake. Nikamkumbuka anavyoshuka kile kidaraja kimoja cha baraza yetu: kwanza anaangalia kama kuna mtu anayemwona, halafu anashika ukuta kwa mikono miwili. Mtu huyu ametoa neno lake mezani, na neno lake hajawahi kulirudisha. Nikafunga sanduku kama nilivyolikuta.

Usiku ule tunakula, mke wangu akagonga meza.

"Nimechoka kutazamwa kama mwizi. Kesho napekua nyumba nzima. Magodoro, makabati, mpaka lile sanduku la vyuma."

Kijiko cha Mzee kikasimama hewani. Macho yake yakaenda kwenye mlango wa chumba chake.

"Usijisumbue," nikasema. "Ni mimi. Niliwashia jiko."

"Nilijua!" mke wangu akaruka. "Mimi nilijua!"

Mzee akavua miwani, akaifuta, akanitazama mpaka nikasikia joto la masikio.

"Zote mbili?"

"Zote. Na hicho cha tatu nakimezea mate."

Akamgeukia binti yake. "Mwanangu, umeolewa na mwizi."

"Naona, Baba."

"Basi siwezi kuondoka. Nikuachie mtu wa namna hii? Nitakaa nimchunge."

Akanisogezea kipande chake cha nyama bila kunitazama, akaendelea kula.

Kasha la vitabu sasa lina kufuli. Mke wangu ndiye aliyeitaka, anilinde nisiguse, na ufunguo anao Mzee. Kufuli hiyo naweza kuifungua nikiwa usingizini, na kila nikipita na ndoo ya kuondoa maji kwenye mashine yangu, naiona. Siigusi.