Kikapu cha Velma

Kabla ya Posho kuja, Velma hakukubali Mkenya azikwe Minnesota, huko Marekani. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya kanisa pale Brooklyn Center, kikapu mkononi, akiwatania wanaume wenye mkono mzito wa kutoa mpaka jasho likawatoka na marehemu akapata ndege ya kwao. Kuuguza wazee kulimpa chakula tu. Harambee ndiyo iliyokuwa kazi ya moyo wake.

Kisha mashine zikachukua kazi yake, na ya mdogo wake Griffins pia, aliyepakia mizigo katika ghala moja kule Shakopee. Serikali ikaleta Posho. Msiidharau Posho, tafadhali. Hakuna aliyelala njaa tena. Nyumba, dawa, nguo za baridi, hata jeneza, vyote bure. Ila Posho ni ya mwenyewe. Humpi mwingine hata chembe, na nje ya nchi haitoki.

Griffins alipofariki, kanisa lilijaa watu walioshiba, wenye nyuso za kung'aa. Velma akainua kikapu kwa mazoea, ingawa siku hizi watu hutoa kwa simu.

"Dada, imekataa ku-send," akasema Alvin, rafiki wa marehemu. "Inasema hii ni ya kununua vitu zangu pekee."

"Jaribu tena, ndugu yangu. Jaribu tu."

Akajaribu. Wakajaribu wote, safu kwa safu, na wengine wakalia kwa aibu. Velma aliumia kuliko alivyoumia hospitalini Griffins alipokata roho. Watu wote hawa walimpenda, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumsaidia.

Basi Griffins akazikwa na ofisi ya Posho, tena vizuri sana, kwa maua na gari jeusi, katika udongo ulioganda hadi ukapasuliwa kwa mashine.

Mama yao akapiga simu kutoka Kakamega.

"Velma, kaburi tulilochimba bado liko wazi. Wazee wamesema tuzike mgomba badala yake. Sawa, nimekubali. Lakini nitumie hata koti lake, mwanangu, tuuvishe. Nisizike mgomba mtupu."

Velma akautazama msumari ukutani, pale koti lilipokuwa likitundikwa. Nguo za Posho hurudishwa mtu akifa. Watu wa ofisi walikuwa wameshakuja, wakalikunja lile koti kwa heshima, wakampa pole na kuondoka nalo.

"Nitalituma, Mama," akasema.