Vifungo vya Mama Pindo

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa sababu pindo alilolishona yeye halikufumuka mpaka kitambaa chenyewe kichakae. Alikuwa fundi cherehani mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Mteja akimletea jeuri moja, anamrudishia mbili na chenji juu. Lakini mwanamke huyo aliyewanyamazisha wakorofi wa kila aina alikuwa anaishi roho mkononi. Binti yake wa pekee, waliyemwita Kipusa, alikuwa ametimiza miaka saba na hakuweza kufunga kifungo.

Kijiko nacho kilimwaga chakula kabla ya kufika mdomoni, viatu vilimshinda, na chooni hakwenda bila mama. Vidole vyake vililegea, havikujua nguvu ya kutia wala mahali pa kushika. Akili alikuwa nayo tele. Alikuigiza unavyotembea mpaka ukakasirika. Mama Pindo alimfanyia kila kitu, chapuchapu, huku akijiuliza swali lilelile: mimi nikifa, nani atamfunga huyu sketi?

Mwalimu mkuu wa shule ya jirani hakumung'unya maneno. "Mama, madarasa yangu yamejaa pomoni. Nafasi nitamshikia mpaka muhula ujao. Akiweza kwenda chooni peke yake na kurudi amevaa, ataanza. Asipoweza, nampa mtoto mwingine."

Ndipo akampeleka hospitali, kwenye chumba cha tiba kazi. Alitegemea sindano, au walau chupa ya dawa. Alikuta vibanio vya nguo, unga uliokandwa, shanga, na ubao uliopigiliwa zipu, vifungo na komeo. Mtaalamu wa chumba hicho alikuwa dada mmoja mwenye subira ya kuudhi.

"Hapa tunafundisha shughuli za kila siku," alisema. "Kula, kuvaa, kunawa. Vidole vinapata nguvu kwa kucheza, halafu kazi tunaigawa vipande vipande. Na tunaanzia mwisho."

"Mwisho?"

Mtaalamu alikipenyeza kifungo kwenye tundu hadi kikabaki kidogo tu kutokeza, kisha akamwachia Kipusa akivute. Kikatoka. Mtoto aliangua kicheko kama aliyeshona nguo nzima.

"Siku zote amalizie yeye, mama. Akizoea hapo, tunarudi nyuma hatua moja. Nyumbani na wewe mikono nyuma."

Mikono nyuma! Umwambie fundi cherehani! Mama Pindo aliitikia kwa adabu, lakini asubuhi Kipusa alipohangaika na kifungo, ulimi nje, jasho puani, mama aliwaza mbali. Alimwona mwanawe amerudishwa nyumbani, wenziwe wakimcheka. Basi aliusogeza ule mkono mdogo pembeni na kufunga mwenyewe. Kesho ikawa hivyohivyo, na keshokutwa.

Muhula ulipokaribia, hofu ikampa wazo ambalo lingeweza kumjia fundi peke yake. Alichukua sare mpya, akaziba matundu yote kwa uzi, akashonea vifungo juu kama pambo, na chini yake akaficha utepe wa kunata. Mtoto anabonyeza tu, amevaa. Danganya toto, na danganya mwalimu juu yake. Kazi ilikuwa safi, na niseme ukweli, aliionea fahari.

Hospitali, Kipusa alijifunga shati kufumba na kufumbua. Mtaalamu akapiga makofi. Halafu akavua koti lake jeupe, akamvika mtoto na kusema, "Haya, funga na hili."

Kipusa alibonyeza. Akabonyeza tena. Akamtazama mama yake, midomo ikaanza kumcheza. Mtaalamu aliinua ukingo wa lile shati, akaona utepe, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Umeshona vizuri sana," alisema hatimaye, bila kejeli. "Ila mama, siku akivaa nguo ambayo hukuishona wewe?"

Mama Pindo alilia palepale, mbele ya shanga na vibanio. "Naogopa, dada. Naogopa mpaka nashindwa kupumua."

"Ogopa. Lakini ogopa mikono ikiwa nyuma."

Alifumua kila kitu, akatoboa matundu upya. Asubuhi alianza kuikalia mikono yake mwenyewe, ndiyo, aliikalia kabisa, maana vinginevyo ilimponyoka. Kipusa alivuta kifungo cha mwisho, kisha akajifunza kukipenyeza, kisha kukitafutia tundu. Shati likaja kufungwa, ingawa mara nyingi upande mmoja ulining'inia.

Siku ya kupimwa shuleni, mwalimu mkuu alimwonyesha Kipusa vyoo vilivyo mwisho wa korido. "Nenda, urudi." Mtoto akaenda. Mama Pindo akabaki kwenye kiti, ameikalia mikono. Kimya. Kimya kikazidi. Kisha sauti nyembamba: "Mama! Mlango!"

Wote wawili walikimbia. Kipusa alikuwa amejifungia kwa ndani, na komeo lilikuwa limekwama. Alianza kulia na kuupiga mlango. Mama Pindo aliusukuma kwa bega, haukutikisika. Kwa mara ya kwanza tangu amzae, mikono yake haikumfikia.

"Nimwite seremala auvunje," mwalimu mkuu alisema. Na uso wake ulionyesha kwamba nafasi imeshapotea.

Mama Pindo alichungulia choo cha pili, akaangalia komeo lake linavyofunguka. Akapiga magoti mlangoni.

"Kipusa, acha mlango. Shika komeo. Umelishika?"

"Nimeshika."

"Usivute. Liinue kwanza, kichwa chake kitazame juu."

Kwikwi. "Kimetazama."

"Sasa livute taratibu, upande wa mkono unaoshikia kijiko."

Chuma kilikwaruza, kikasimama, kikakwaruza tena. Mlango ukafunguka. Kipusa alitoka na machozi mashavuni, sketi imeshikiliwa kwa ngumi, kifungo hakijafungwa. Mwalimu mkuu akainama, akanyoosha mkono amsaidie.

Mama Pindo aliudaka ule mkono. Aliogopa kuliko siku zote, maana ndio mkono uliokuwa na nafasi ya mwanawe.

"Samahani, mwalimu. Mwache amalizie."

Wakasimama hivyo, watu wazima wawili wameshikana mikono mlangoni mwa choo, wakimtazama mtoto akitafuta tundu. Alilikosa. Akalikosa tena. Akalipata.

Mwalimu mkuu alijikohoza. "Jumatatu asichelewe."

Mama Pindo alitaka kushukuru, machozi yakamtangulia. Alitoa kitambaa mkobani, akajifuta, akajaribu kuufunga mkoba. Vidole vilimtetemeka, zipu ikamponyoka, ikamponyoka tena.

"Lete, mama," Kipusa alisema. "Nikufungie."