Pa Kukaa Mpaka Saa Kumi na Mbili

Harufu ya sabuni ya mche ikinifikia, popote nilipo, nageuza uso. Wengine huwakumbusha nguo safi zinazopepea kwenye kamba. Mimi hunirudisha kwenye ua wa Mama Gift, pale Singe, Babati, nikiwa darasa la pili, na hasira huanza upya kana kwamba ni jana.

Shule ilituachia saa sita mchana. Mama yangu alifua mashuka kwenye nyumba ya wageni karibu na stendi mpaka saa kumi na mbili jioni, na tajiri wake hakutaka kuona mtoto pale. Ndugu zake wote walikuwa Mbulu. Yeye na baba waliachana nikiwa mdogo, na baba alikaa upande wa Bonga. Kwa hiyo nilishinda kwa Mama Gift, aliyeangalia watoto wa wafanyakazi kwa malipo ya kila mwezi. Malipo hayo yalikula karibu nusu ya mshahara wa mama. Alipozidiwa, walipatana alipe kidogo, na kilichobaki akifidie kwa kufua nguo za nyumba ile kila Jumapili baada ya misa.

Tangu hapo nikawa mtoto wa nusu. Wenzangu walikula wali ndani, wakalala mkekani. Mimi nilipewa uji, nikaunywea barazani, na upepo wa Babati ukaniongezea vumbi badala ya sukari. Nilipouliza, Mama Gift alinijibu bila hata kufoka kwamba kila mtoto anakula alicholipiwa.

Jumapili moja nilimsindikiza mama. Alifua mablanketi sita mpaka mikono ikatoka malengelenge. Mama Gift akatoka na wageni wake, akavuta blanketi moja kwenye kamba, akalinusa mbele yetu.

"Mama Neema, haya bado yananuka. Yarudie yote."

"Sawa, dada," mama akasema, akaanza kuyashusha.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza kwa nini hakumjibu. Nilikuwa nalia kwa hasira, na hasira yote nilimwelekezea yeye. Hakupunguza mwendo.

"Ningemjibu," alisema, "kesho ungekaa wapi?"

Kesho yake niliamua kumwonyesha pa kukaa. Kengele ilipolia sikwenda kwa Mama Gift. Nilishika barabara ya Dodoma kwenda Bonga kwa baba. Baba niliyemjua alikuwa mtu wa raha, aliyekuja mara mojamoja na biskuti, akanirusha juu, akaondoka. Nilitembea pembeni ya lami, malori yakinipita na kupeperusha sketi yangu, mpaka soksi zikageuka rangi ya udongo. Nilimkuta uani kwake, kivulini, akicheza drafti na rafiki zake wawili.

Nilimwamkia, akaitikia, akaniagizia soda. Nikamweleza kwamba nimekuja ili niwe nashinda kwake kila siku baada ya shule, na kwamba sihitaji hata kupikiwa. Rafiki zake walicheka. Baba hakucheka.

"Mwanangu, mimi siwezi kushinda na mtoto," alisema. "Nina shughuli."

Kisha akasogeza kete yake, akaita bodaboda anipeleke stendi.

Mama nilimkuta pale stendi, kanga imemvuka, kiatu kimoja hakipo. Alikuwa ameletewa habari kwamba sikufika kwa Mama Gift, akaacha mashuka majini, akanitafuta mji mzima. Hakunipiga. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akakaa chini. Jioni hiyo tajiri wake alimwambia asirudi tena kazini.

Aliyetuokoa ni Mama Yusufu, muuza chapati wa palepale stendi, ambaye naye alikuwa na watoto wawili wadogo na hana wa kumwachia. Alimwambia mama wawe wanakanda unga pamoja asubuhi, kisha mmoja auze na mwingine akae na watoto, kwa zamu. Hakuna aliyemlipa mwenzake. Tangu siku ile nilikula ndani na wenzangu.

Nilipojifungua mwanangu, nilizunguka hapa Babati kuuliza bei za kulelewa mtoto mchana, nikarudi nimenuna. Ndipo mama aliponieleza, huku akichambua mchele, kwamba kabla ya kwenda kwa Mama Gift alikwenda kwanza kwa baba. Hakuomba fedha. Aliomba niwe nakaa uani kwake nikitoka shule, mpaka jioni. Baba alimjibu kwamba watu watamcheka, mwanaume kuangalia mtoto.

Miaka yote hiyo nilimwona mama mwoga kwa ile "sawa, dada". Kumbe alikuwa ameshagonga mlango ambao usingemgharimu chochote, ukafungwa kwa aibu ya mtu mzima asiye na kazi ya mchana. Hasira yangu haikuisha siku ile. Ilihama tu kutoka kwa mama, ikaenda ilikostahili kwenda tangu mwanzo, na mpaka leo iko huko.